Jerop Alipanga Safari, Tukaenda Bila Yeye

Nina miaka arobaini na mmoja. Nashona yunifomu za shule katika kibanda changu hapa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Nina mume, nina watoto wawili, na nina hasira. Hasira hii nimelala nayo na kuamka nayo kwa miaka miwili sasa... Na msidhani nawakasirikia wengine peke yao. Mtu anayenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe!

Wasomaji wenzangu, nawaomba msome hadi mwisho kabla hamjanitukana. Mkimaliza, nitukaneni tu. Nimeshazoea.

Binti yangu wa kwanza anaitwa Jerop. Nilimzaa kwa shida, uchungu wa siku mbili, na hadi leo miguu yake haijawahi kumtii. Mkono wa kushoto nao hukaza. Akiongea, maneno hutoka polepole, na watu wasio na subira humalizia sentensi zake kabla hajazimaliza... na karibu kila mara wanakosea! Kwa sababu Jerop ana akili, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Hesabu za kitambaa zinazonishinda mimi, yeye huzifanya kichwani akiwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya cherehani yangu.

Ndugu yake, Kiprono, ni mdogo kwake kwa miaka minne. Huyo ni mbio tu, ungedhani analelewa kwenye kambi za wakimbiaji kule Kaptagat.

Mwaka huo Jerop alikuwa na miaka kumi na tatu. Siku moja akaniambia amepata kitu kwenye simu yangu. Kuna bustani mbili za kujiburudisha, zote ziko nje kidogo ya Nairobi. Moja ni ya maji, ina mabwawa na vitelezi virefu. Nyingine ni ya michezo, ina treni za kuzunguka na gurudumu kubwa linalokupandisha juu mpaka unaona mji wote. Watu huenda moja, wakarudi nyumbani, mwaka mwingine wakaenda ile nyingine. Lakini Jerop alikuwa ameangalia ramani. Kutoka moja hadi nyingine ni dakika kumi!

"Mama," akaniambia, "tukilala hapo katikati, tunaona zote mbili. Safari ni moja."

Akaanza kupanga. Mnajua alivyopanga? Alichukua daftari jipya la shule, akaandika kwa mkono wake wa kulia, herufi kubwa kubwa. Jumatano kusafiri. Alhamisi, ile ya maji. Ijumaa, ile ya gurudumu, na tufike asubuhi mapema kabla foleni haijawa ndefu. Jumamosi kurudi. Akaandika mahali pa kusimama Nakuru, kituo cha petroli ambacho choo chake kina mlango mpana. Akaandika nani abebe nini. Akaandika hata dawa ya Kiprono ya kichefuchefu, maana huyo akipanda gari hutapika.

Kisha akaomba simu yangu akapiga mwenyewe kule kwenye bustani ya maji. Dada aliyepokea alikuwa na subira, Mungu ambariki. Hakumkatiza. Jerop akauliza kama kiti chake kitaingia. Dada akasema kitaingia, na zaidi ya hapo wana kiti maalum cha kuingia nacho ndani ya maji. Akamwambia watakiweka tayari siku hiyo.

"Andika Jerop," binti yangu akamwambia. "Jerop wa Eldoret."

Alipomaliza kuongea alikuwa amelowa jasho. Hajawahi kuingia kwenye bwawa maishani mwake. Hata mara moja.

Tulipomaliza kula, akamsomea baba yake mpango wote. Mume wangu alicheka kwa furaha, akapiga meza, akasema huyu mtoto angekuwa waziri barabara zetu zingekuwa sawa. Akakubali. Tungeenda Desemba, mahindi yakishavunwa na kuuzwa. Jerop alikuwa akihesabu siku kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani.

Shida ilianza mume wangu alipomwambia dada yake.

Dada yake anaitwa Salina. Anauza nguo mjini, ana jumba zuri na gari la viti saba. Aliposikia kuhusu safari, akasema na yeye anakuja na watoto wake wawili, twende na gari lake. Tulifurahi! Gari ni kubwa, mume wangu ataendesha, tutajaa sawasawa. Saba.

Niwaeleze jambo moja kuhusu Salina. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Lakini tangu Kiprono azaliwe, Salina ananiita Mama Kiprono. Hajawahi kuniita Mama Jerop. Na mimi niliitika! Miaka tisa naitika! Ningekuwa na akili ningejua mapema.

Jumapili kabla ya safari akatuita kwake baada ya ibada. Mimi na mume wangu peke yetu. Akatuandalia chai na mandazi, akatabasamu, akaniwekea mto mgongoni. Kisha akaanza.

Alisema amefikiria sana. Kiti cha Jerop kitakaa wapi na mizigo yote ile? Alisema jua la huko ni kali, mtoto atachoka. Alisema watu watakuwa wengi, watamsukuma. Alisema sote tutakuwa tukimngojea yeye tu, na watoto wengine watakosa raha.

Nikamwambia kiti kinakunjwa. Nikamwambia Jerop ameshapiga simu, kila kitu kiko tayari.

Salina akaweka kikombe chini.

"Mama Kiprono, tusidanganyane," akasema. "Na zile picha je? Hii ni safari ya familia. Kila picha iwe na hicho kiti?"

Nilimwangalia mume wangu. Mume wangu alikuwa anaangalia mandazi. Huyu ndiye baba aliyepiga meza kwa furaha! Huyu ndiye aliyemwita waziri! Nilingoja aseme kitu... Akachukua andazi, akalivunja vipande viwili, akakaa kimya.

Salina akaniambia nifikirie watoto wengine. Akasema Jerop atapumzika vizuri kwa nyanya yake kule Soy, na mimi pia nahitaji kupumzika. Lini mara ya mwisho nilipumzika?

Nikasema sawa.

Hakuna aliyenishikia panga. Hakuna aliyenitisha. Nilisema sawa kwa mdomo wangu huu! Na sasa nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mchungaji wangu. Niliposema hivyo, ndani yangu nilisikia nafuu. Miaka kumi na mitatu ya kuinua, kuogesha, kubeba, kueleza watu barabarani ana nini... nikaona siku nne mbele yangu ambazo sitambeba mtu. Na nikazitaka! Mama gani huyo? Niambieni, mama gani?

Lakini ningemwambia nini mtoto? Ukweli sikuuweza. Kwa hivyo nikatunga uongo, na uongo wenyewe ulikuwa mchafu.

Mjomba wangu Kibet alikuwa akiishi Kitale. Huyo ndiye aliyenilipia karo baba yangu alipofariki. Siku ya mahari yangu yeye ndiye aliyeongea kwa niaba ya ukoo wetu. Jumanne asubuhi nilimwambia Jerop kwamba Mjomba Kibet amefariki. Nikamwambia safari imeahirishwa, kwamba mazishi ni Ijumaa huko Kitale, na kwamba yeye atakaa na nyanya yake mpaka turudi.

Nilimwua mjomba wangu akiwa hai!

Jerop hakulia kuhusu safari. Alinyoosha mkono wake wa kulia akanishika.

"Pole, Mama," akasema. "Bustani haiendi mahali. Wewe lia tu."

Na nililia. Yeye alidhani namlilia mjomba.

Kiprono tulimtisha. Mume wangu alimketisha kitandani akamwambia akifungua mdomo na yeye atabaki. Mtoto wa miaka tisa! Tulimpeleka Jerop Soy mchana huo, na njia yote Kiprono alikaa akiangalia nje ya dirisha. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kogo, naye tulimpa uongo huohuo wa msiba. Akasikitika sana. Akanipa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, niwapelekee wafiwa.

Jumatano tukaondoka. Daftari la Jerop nililikuta mkononi mwa Salina, sijui mume wangu alimpa lini. Alikaa kiti cha mbele akituongoza kama mwalimu, kila tulichokifanya akikiwekea alama kwa kalamu nyekundu. Tulisimama Nakuru kwenye kituo kilekile. Niliingia choo chenye mlango mpana, nikajifungia, nikashika ukuta.

"Mama, kwani hii plan si ni ya Jerop?" kijana mkubwa wa Salina akauliza tuliporudi garini. "Mbona hajakuja?"

Mama yake akamwambia anyamaze, ale krisps zake.

Alhamisi tukaenda kwenye bustani ya maji. Langoni kulikuwa na dada amevaa fulana ya kazi, ana karatasi mkononi. Aliposikia tumetoka Eldoret, uso wake ukang'aa.

"Mama Jerop?" akaniita.

Niliitika kabla sijafikiri.

"Karibu sana! Jerop yuko wapi? Tumemtolea kile kiti, kiko pale!"

Akanyoosha kidole. Kando ya bwawa kulikuwa na kiti cheupe chenye magurudumu manene ya bluu, na kijana mmoja wa kazi amesimama kando yake akingoja. Walikuwa wamekifuta. Kilikuwa kinametameta juani.

Salina akanipita mbele, akasema mtoto ameugua ghafla, labda mwaka ujao. Dada akasema pole jamani, alikuwa anatamani sana kumwona. Akakata jina kwenye karatasi yake.

Siku hiyo nilikaa kwenye nyasi na nguo zangu zote. Kiprono aliingia majini, na siwezi kudanganya, alifurahi. Ni mtoto. Salina alipiga picha. Mume wangu alielea kwa maji akiwa amefumba macho. Mchana nikaona baba mmoja ameingia bwawani amembeba kijana wake mkubwa, miguu ya kijana ikielea tu, wote wawili wanacheka mpaka wanakohoa. Nilimwonyesha mume wangu. Akaangalia, akageuka upande wa pili, akaenda kununua soda.

Ijumaa asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye ile bustani ya pili, kama daftari lilivyosema. Foleni ya gurudumu kubwa haikuwa na watu kumi. Simu yangu nilikuwa nimeizima tangu Jumatano, nikisingizia kwamba Kitale hakuna chaji penye msiba. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni, muziki unapigwa kwa sauti, wakati simu ya mume wangu ilipolia.

Akapokea. Nikamwona akibadilika rangi. Akanipa simu kama mtu anayetupa kaa la moto.

"Nasikia nimekufa," sauti ikasema.

Ilikuwa Mjomba Kibet.

"Nauliza tu," akaendelea, taratibu kabisa. "Nazikwa saa ngapi? Nataka nivae suti."

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa. Asubuhi hiyo Jerop alikumbuka kwamba ni siku ya mazishi. Akamwomba Kogo wanipigie kabla mwili haujatoka nyumbani, anipe pole tena na aniombee. Simu yangu haikupatikana. Basi Kogo, ambaye aliweka namba ya Kibet tangu siku ya mahari, akaona bora apige kwa marehemu ampe mjane pole. Akapiga. Marehemu akapokea mwenyewe! Mama mzee wa watu aliangusha simu, akapiga kelele, majirani wakaja mbio. Wakamwokotea. Kibet bado alikuwa kwenye laini, anauliza kuna nini, wakamweleza.

Mjomba hakunitukana. Heri angenitukana. Alisikia muziki nyuma yangu, akasikia watoto wakipiga mayowe kwenye treni. Akaniuliza ni kanisa gani hilo. Kisha akasema, "Nilikusomesha," akakata simu.

Niliwasha simu yangu, nikampigia Kogo. Aliyepokea ni Jerop.

"Mama," akasema polepole, "mko ile ya maji ama ile ya gurudumu?"

Alikuwa ameshajua. Nani angemficha? Anajua mpango wake, anajua leo ni siku gani.

"Gurudumu," nikajibu.

"Foleni ni fupi?"

"Eeh... ni fupi."

"Nilijua," akasema. Kisha akampa Kogo simu, na Kogo naye akakata.

Jamani! Kama kuna mtu amewahi kuchapwa kofi na mtoto wake bila kuguswa, ananielewa.

Nikamwambia mume wangu turudi nyumbani saa hiyohiyo. Akasema tumelipia mpaka Jumamosi. Salina akasema mtoto ameshajua, kwa hivyo tukirudi leo tutabadilisha nini? Akaniambia niache kuharibia watu siku. Kuharibia watu siku! Nilifungua mkoba wake mbele ya watu wote, nikachukua daftari la mtoto wangu. Akanishika mkono. Nilimsukuma akakalia ile boksi yake ya barafu, soda zikamwagika. Sijutii hilo. Katika siku zote nne, hilo peke yake sijutii.

Nilipokuwa natoka langoni, nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu. Kiprono. Alikuwa analia na kamasi zimemjaa.

"Mimi sikusema, Mama! Mimi sikumwambia!" alikuwa anarudia.

Alidhani nimekasirika naye kwa kufichua siri. Hicho ndicho tulichokuwa tumemfundisha.

Tulipanda basi mimi na yeye, tukafika Eldoret usiku, tukalala kwa rafiki mjini, na Jumamosi asubuhi tukafika Soy. Kogo alikuwa anageuza mahindi juu ya turubai. Aliniona, akaendelea kugeuza mahindi. Nilisimama hapo kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama," nikamwambia, "nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nani?" akauliza. "Kwa mtoto, ama kwa yule maiti?"

Nikainama, nikaokota punje zilizoanguka nje ya turubai.

"Mimi nimezeeka," akasema, na sasa alikuwa ameshika reki kama fimbo. "Nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Kifo nakijua, hakuna haja mtu aniletee cha uongo. Ungekuja uniambie, Mama, nimechoka na mtoto, nisaidie. Ningekataa? Niambie, ningekataa?"

Hangekataa. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Jerop pia, kama ningemwambia ukweli kwamba nimechoka, angenielewa kabla sijamaliza sentensi.

Jerop alikuwa ndani, kando ya dirisha. Alimwita Kiprono. Mtoto akaingia akiwa ameinamisha kichwa, na nikamsikia dada yake akimwambia, "Wewe uliambiwa unyamaze. Keti hapa." Mimi hakuniita. Niliingia bila kuitwa.

Aliomba daftari lake. Nikampa. Akafungua ukurasa kwa ukurasa, akaona zile alama nyekundu.

"Nani ameandika hapa?"

"Aunty Salina."

Akapitisha kidole juu ya alama moja baada ya nyingine. "Kwa hivyo yote ilienda sawa," akasema. Hakuuliza, alikuwa anajiambia mwenyewe. Akafunga daftari. Kisha akasema atakaa na Kogo.

Nilidhani ni siku mbili. Nikadhani ni wiki. Likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, na Jerop akakataa kurudi Kiplombe. Mume wangu alikwenda kumchukua kwa nguvu, Kogo akasimama mlangoni na reki ileile. Tukamtafutia shule ya Soy. Huko ndiko yuko mpaka leo ninapoandika haya. Mimi huenda kila Jumamosi, namfulia nguo, namkata nywele. Ananisalimia vizuri. Nikimwuliza kuhusu masomo ananijibu. Lakini kando ya cherehani yangu hakuna mtu.

Wazee wa kwetu walitukalisha. Kumtangaza mtu aliye hai kuwa maiti si jambo dogo, mnajua. Tulipeleka kondoo Kitale. Mjomba alipokea kondoo, akaongea na mume wangu vizuri, lakini akasema mimi nisikanyage kwake mpaka aniite. Nikangoja aniite.

Hakuniita. Miezi minane baadaye sukari ilimzidi, akalazwa, na siku ya tatu akafariki... kweli sasa.

Nilipigiwa simu nikiwa kibandani. Nililia mpaka wateja wakaogopa. Kisha nikampigia Jerop, kwa sababu alimpenda sana mzee yule. Nikamwambia Mjomba Kibet amefariki.

Kisha binti yangu akaniuliza, kwa ile sauti yake ya polepole, "Ni kweli, Mama... ama mnaenda mahali?"

Nitasema nini hapo? Ningeapa kwa nini? Nilimpa jirani yangu simu amthibitishie. Mtoto wangu ilibidi amwulize mtu baki kama mama yake anasema ukweli!

Kwenye mazishi nilikaa nyuma. Wanawake wa ukoo walikuwa wananong'ona kwamba huyu ndiye aliyemwitia kifo. Mwingine hakunong'ona, alisema kwa sauti. Sikuruhusiwa kutupa udongo kaburini.

Na mume wangu? Tunaishi nyumba moja. Siku nilipomlaumu kwamba alikaa kimya pale kwa Salina, alinijibu, "Mimi sikusema kitu. Wewe ndiye ulisema sawa." Na ni kweli! Hapo ndipo hasira hunipanda mpaka masikio yanalia. Yeye alivunja andazi lake akabaki msafi. Kukaa kimya kwake hakuna aliyekusikia, kwa hivyo hana kesi. Akina baba mnaosoma haya, kesi mnayo!

Salina hajawahi kuomba msamaha. Sebuleni kwake ametundika picha ya familia kwenye bustani ya maji. Mimi nimekatwa pembeni, linaonekana bega tu. Mwaka jana alinipigia, sauti tamu, akaniuliza kama Jerop anaweza kuwapangia safari nyingine, maana ile ya kwanza alipanga vizuri sana, Mama Kiprono.

"Mimi naitwa Mama Jerop," nikamwambia. "Na ukitaja jina la huyo mtoto tena, nitakuja hapo dukani kwako nikueleze mbele ya wateja."

Akasema nimekuwa na roho mbaya. Labda. Roho nzuri yangu ilinifikisha wapi?

Sikuacha kujaribu. Nilishona usiku na mchana, nikaweka akiba, nikamwendea Jerop nikamwambia twende, mimi na yeye peke yetu, bustani zote mbili. Alikuwa na miaka kumi na minne wakati huo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawamfanyii yeye.

"Asante, Mama," akasema. "Lakini mimi sikutaka maji. Nilitaka tuende sisi wote."

Gurudumu linaweza kulipiwa tena, na kiti cheupe kitatolewa tena nje. Ile familia aliyoiandika kwenye daftari, kila mtu na mzigo wake, haiko tena. Tuliivunja sisi wenyewe, tukiwa na chai mkononi.

Wewe unayesoma haya na una mtoto kama wangu, nisikilize. Hawatakuja kwako kwa ukali. Watakuja kwa upole, watakuwekea mto mgongoni. Watakuambia ni kwa faida yake, kwamba atachoka, kwamba jua litamchoma. Watakuambia na wewe unahitaji kupumzika, na hapo watakuwa wanasema ukweli, ndiyo maana utawaamini. Ukichoka, sema umechoka! Mwambie mama mkwe, mwambie jirani, mwambie mtoto mwenyewe. Kuchoka si dhambi. Mimi nilificha uchovu wangu nyuma ya jeneza lisilokuwepo, na sasa hakuna anayeniamini, hata nikilia msiba wa kweli.

Msiwaulize shangazi wala majirani kama mtoto ataweza. Mwulizeni yeye, mngojeni amalize kujibu.

Na siku ya safari ikifika, mpakieni yeye kwanza, mfungeni mkanda, kisha kiti chake. Gari likijaa, teremsheni masanduku. Likiwa bado limejaa, teremka wewe.